Jicho Moja, Picha Mbili

Siku nilipokabidhi funguo za chumba cha picha, nyinyi vijana mlinitaka niseme maneno mawili matatu. Nikasema ahsanteni, nikala sambusa zenu, nikaondoka. Mkadhani huzuni imenizidi. Huzuni ipi? Nilikuwa na jambo ambalo halisemeki mtu akiwa na sambusa mdomoni. Sasa nshastaafu, hakuna wa kunifukuza kazi, basi nalisema hapa mwanzo kabisa: mimi, Maryamu, mpiga picha za kina wa ofisi yetu kwa miaka yote hiyo, naona kwa jicho moja. La kulia zima. La kushoto lilikwenda na surua nikiwa mtoto wa chuo cha Kurani, likaniachia mwanga na vivuli.

Anayeijua kazi yetu hapo keshashika kichwa. Asiyeijua nimweleze. Picha ya kina si moja, ni mbili. Nyoosha kidole mbele ya pua yako, fumba jicho hili, kisha fumbua ufumbe lile. Kidole kinaruka. (Naambiwa kinaruka. Changu hakijawahi kwenda popote.) Kila jicho linaona kwa upande wake, akili inaunganisha, na mtu anajua hiki kiko karibu na kile kiko mbali. Basi ukiupiga mlango picha mbili, moja kutoka pahala pa jicho la kushoto na moja pahala pa la kulia, ukazitia kwenye kisanduku cha kutazamia chenye lenzi mbili, kila jicho likapata yake, mlango unasimama mbele yako na maua yake yametokeza, unataka kuyashika. Ndivyo wasemavyo wenye macho mawili.

Ofisi yetu ilikuwa na kazi ya kuweka kumbukumbu za nakshi za milango ya Mji Mkongwe, na ilikuwa na kamera moja. Wenzetu wa nchi nyengine wanazo kamera zenye lenzi mbili, zimetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Yetu ilikuwa na lenzi moja, na mkanda wake umeungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa ni kuilazimisha kamera yenye jicho moja ione sawa na yenye mawili. Mwenyezi Mungu ana hikma zake, lakini siku nyengine nilikuwa naona ananitania.

Niliajiriwa kuandika vibandiko. Bosi wa chumba alikuwa Mzee Khatibu, mpiga picha, mfupi, mkavu, kofia haimtoki kichwani hata kwenye chumba cha giza. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kigoda akanipa kile kisanduku cha kutazamia, kimeshatiwa picha.

"Tazama. Unaona?"

Nikatazama. Niliona mlango, umelala bapa kwenye karatasi. Lakini mtu aliyepata kazi saa mbili zilizopita hasemi haoni.

"Naona, Mzee."

"Unaona nini?"

"Nakshi zimetokeza, mashaallah. Tena sana."

Mzee akanitazama kwa muda, akakohoa. "Vizuri," akasema. "Kesho njoo na viatu vya kutembelea."

Uongo huo mmoja ndio ulionilisha mpaka nikastaafu. Kila nilipotaka kuusema ukweli nilikuwa nishachelewa kwa siku moja zaidi.

Njia ya mwanzo aliyokuwa akitumia Mzee tuliiita njia ya miguu. Unasimama mbele ya mlango, miguu umeipanua, kamera imebana kwenye paji la uso. Uzito wote unautia mguu mmoja, unapiga. Kisha unauhamishia mguu wa pili, unapiga tena. Usiizungushe kamera, isogee tu, kama mtu anayepisha mwenzake kwenye msikiti uliojaa. Na usogee kiasi gani? Pima umbali wa kitu kilicho karibu nawe kabisa, gawa kwa thelathini. Mlango uko hatua mbili tatu, basi uzito wa miguu unatosha. Ukitaka nyumba nzima, itabidi utembee, na mitaa yetu ukitembea hatua mbili kwa upande unakuwa ushaingia kwa watu.

Shida ya njia ya miguu ni kwamba baina ya picha ya kwanza na ya pili dunia haikusubiri. Paka akikaa kwenye picha moja akaondoka kwenye ya pili, anayetazama anaona paka nusu yupo nusu hayupo, anameremeta. Muuza kahawa mmoja alisogea hatua moja tu kati ya picha na picha, na ilipotazamwa alikuwa amesimama ndani ya ukuta, na buli lake, na makaa yake. Mimi sikumuona humo ukutani. Niliona wenzangu wanavyocheka, nami nikacheka.

Hapo ndipo nilipompata Bi. Tatu. Huyu alikuwa mpika chai wa ofisi, mnene, mwepesi wa kushtuka, macho yake mawili mazima ya kuchagulia mchele. Nikagundua ukimpa kisanduku chenye mlango wa misumari ya shaba, na picha iko sawa, anarudisha kichwa nyuma na kusema "Ala! Inanitoboa!" Picha ikiwa mbaya anasema, "Mlango huo. Mna sukari?" Basi Bi. Tatu akawa kipimo changu. Kila jozi niliyoibandika nilimpelekea jikoni, nikijifanya nampa burudani. Akiruka, naandika "safi" kwenye daftari. Akiuliza sukari, narudi kupiga upya. Wataalamu wamekuja hapa kutoka ng'ambo wakasifu ubora wa picha zetu, wakaniuliza natumia chombo gani kukagua. Nikawaambia cha kienyeji.

Mzee Khatibu hakuwa mtu wa kufundisha kwa mdomo. Ukimuuliza jambo anakwambia "tazama," na mimi kutazama ndiko kulikonishinda. Siku za mwanzo yeye alipiga, mimi nikamshikia mwavuli na kuandika namba. Aliponiachia kamera, nilijifunza kwa kitabu alichotuachia mgeni mmoja aliyekuja kutupa mafunzo ya wiki mbili. Kitabu kilisema anza kushoto, malizia kulia, na picha ya kwanza ibandike upande wa kushoto. Nikafuata hivyo hivyo. Mzee alibandika zake, nilibandika zangu. Hakuwahi kuniuliza naanza na mguu gani, wala mimi sikumuuliza yeye. Mtu mzima humuulizi miguu yake.

Baadaye tukahamia kwenye vioo, na hapa vijana someni vizuri, kwa sababu kile kisanduku bado kipo kabatini na najua mnawekea chaja zenu. Kina vioo vinne. Viwili vidogo vya katikati vimesimama mbele ya lenzi mfano wa paa la nyumba, kimoja kinatazama kushoto na kimoja kulia. Pembeni kuna viwili vikubwa vinavyopokea mlango na kuutupia kwa hivi vidogo. Kwa hiyo nusu ya kushoto ya picha inapata mlango kama liuonavyo jicho la kushoto, na nusu ya kulia vivyo hivyo. Picha moja, kwa mara moja. Paka aende akitaka, muuza kahawa aende, keshanaswa kwa macho yote mawili.

Cha kwanza tulikichongesha kwa fundi wa vioo wa Mlandege, anayekata vioo vya makabati. Kazi nzuri, pembe zimekaa sawa. Tukapiga. Bi. Tatu akatazama akasema, "Mbona kila kitu kina pacha wake?" Tukaja kufahamu kuwa kioo cha kabati kimepakwa fedha kwa nyuma. Uso wa gilasi unarudisha picha yake hafifu, fedha ya nyuma inarudisha yake kamili, na zinapishana. Ilitakiwa kioo kilichopakwa kwa mbele, nacho dukani hakuna. Mzee akasema kipo, kimo ndani ya mashine ya kutolea nakala, ile iliyokufa pale ukumbini. Tukaifungua na bisibisi, tukatoa vioo vyake virefu vizuri, tukampa fundi avikate kwa uangalifu. Asubuhi ya pili mkurugenzi akaja na karatasi yake kwenye mashine. Kumbe haikufa, ilikuwa inasubiri wino tu. Mzee Khatibu akaibonyeza bonyeza mbele yake, akatikisa kichwa akasema, "Innalillahi. Jana ilikuwa inapumua."

Nasaha moja: vioo hivyo msivifute kwa pindo la kanga. Fedha iko juu, inatoka. Najua kwa sababu cha kulia kina mchirizi, na mchirizi ule ni wangu.

Tulijaribu na mengine. Kuna siku tulitoboa kifuniko cha lenzi matundu mawili, tukafunika moja tukapiga, tukafunika la pili tukapiga, ati lenzi moja itugawie macho mawili. Kina kilipatikana, ila kidogo mno. Bi. Tatu alisema mlango umefura kiasi cha chapati. Tukaziba matundu kwa plasta ya kidonda tukaendelea na vioo.

Mzee akastaafu, akahamia Kendwa kwa binti yake anayefanya kazi hoteli. Nikabaki peke yangu na vioo, na Bi. Tatu, na siri yangu. Mambo yakenda. Na yangeendelea kwenda mpaka mwisho, lau si mfaa wa Bi. Raya.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Mfaa, kwa asiyejua, ni ule mti wa katikati ya mlango wetu, uliosimama baina ya mbao mbili, umechongwa maua kutoka juu mpaka chini. Mahamali wawili walikuwa wanapita na friji ya jirani kwenye mkokoteni, mkokoteni ukawashinda kwenye kona, friji ikabisha hodi kwa Bi. Raya bila ya kuitikiwa. Mfaa ulipasuka vipande vipande. Ndani mchwa walishamaliza kazi zamani, lilibaki ganda.

Bi. Raya alikuwa ajuza wa peke yake, na presha ya macho ilikuwa imeshamfungia dunia nusu na robo. Nilikwenda kumtazama.

"Shikamoo, Bi. Raya."

"Marahaba, mwanangu. Nani? Sikuoni, nnakusikia."

"Maryamu, wa picha za milango."

"Basi nisikilize, Maryamu. Mimi kurudi kwangu sijui kwa macho. Nnashika ua la mfaa, lile la usawa wa kifua. Nikilipata, nnajua hapa kwangu. Sasa halipo. Juzi nimetoka dukani nimeingia nyumba sio. Nimevua ushungi, nikaanza kumgombeza bwana wa watu kwa nini kakalia kiti changu. Mwanamme kanyamaza kimya, maskini, kanipisha kiti."

Nilicheka, naye akacheka, kisha akaacha kabla yangu. Mwanawe aliyeko Muskati alikuwa keshasikia. Kapiga simu kasema baada ya Idi anakuja, na akiona mama yake anapotea mlangoni kwake mwenyewe, anamchukua, nyumba inafungwa. "Nitakufa Muskati mimi," Bi. Raya akasema, "kwenye kiyoyozi." Akaniomba mfaa urudi kama ulivyokuwa, kidole chake kiujue.

Nikaahidi. Mchongaji alikuwa Fundi Simai, mtu wa Makunduchi, mkono wake hauna mfano, maneno yake machache na yote yana miiba. Alikuwa na gogo moja tu la mfenesi lililokauka sawasawa. "Hili likiharibika," akaniambia, "jengine bado liko shambani, lina mafenesi." Picha ya vioo ya mlango ule hatukuwa nayo. Zilikuwepo filamu mbili za Mzee Khatibu, za zamani, za njia ya miguu, namba kumi na nne na kumi na tano, hazijawahi kusafishwa karatasini. Nikazisafisha. Ya kwanza nikaibandika kushoto, ya pili kulia, kama kitabu. Nikaichukua jozi kwenda jikoni, na jikoni hakuna mtu. Bi. Tatu kaenda Pemba, arusi ya mdogo wake, wiki tatu.

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesubiri. Mimi nikajiambia, Maryamu, umefanya kazi hii miaka mingapi? Nikampelekea Fundi Simai picha na kisanduku.

Akatazama. Akatoa uso, akafuta macho, akatazama tena.

"Bi. Maryamu, maua haya yamezama."

"Yamezama vipi?"

"Yamekwenda ndani. Kila ua ni shimo."

Nikakichukua kisanduku, nikatia uso wangu, nikakaa humo kwa muda wa heshima. Niliona maua. Yamezama au yametokeza, kwangu yote sawa, karatasi.

"Picha haisemi uongo, fundi," nikasema. "Labda ni mtindo wa zamani."

"Tangu nizaliwe sijauona mtindo huo."

"Wewe umezaliwa juzi. Mlango ule mkubwa kwako."

Fundi Simai akaichukua patasi yake. "Haya," akasema. "Mimi fundi wa mti. Fundi wa macho ni wewe." Neno hilo linanichoma mpaka leo, na yeye hakujua kaliwasha wapi.

Akachonga. Alichonga vizuri, laana hiyo. Mashimo mazuri mno, kila jani na mshipa wake, kwa ndani. Siku ya kuuleta mtaani wakausimamisha mlangoni kwa Bi. Raya, majirani wakajaa, mtu hasemi kitu, na mimi ukimya wao nikaudhani ni kustaajabu. Bi. Raya katoka jikoni mbio mbio, mikono imejaa unga uliokandwa wa chapati. Akapapasa mpaka usawa wa kifua, akatia kidole. Kidole kikaingia.

"Nani kalila ua langu?"

Mtaa ukalipuka. Kuna mwanamke alikaa chini kabisa kwa kucheka. Bi. Raya hakucheka. Akakipitisha kidole chake mle shimoni taratibu, ukingo hadi ukingo, kisha akamega donge la unga mkononi mwake, akalishindilia mle ndani, akalibandua. Akalishika kwenye kiganja, akalipapasa.

"Hili hapa," akasema kwa sauti ndogo. "Hili ndilo lenyewe. Nyinyi hamkuniletea mfaa, mmeniletea kalibu ya biskuti."

Fundi Simai akalitazama lile donge, ua limetokeza, kamili. Kisha akanitazama mimi, mbele ya watu wote.

"Bi. Maryamu, wewe hii picha uliiona?"

Nikasema kuna jambo la kitaalamu nakwenda kulichunguza. Nikapanda gari ya Kendwa.

Mzee Khatibu nilimkuta barazani kwa binti yake, kaipa mgongo bahari na wageni wake waliovaa kidogo, anatengeneza redio. Nikamsimulia mpaka kwenye biskuti. Alicheka mpaka kofia ikamtoka, na hiyo ndiyo siku niliyoona kichwa chake.

"Uliibandika vipi?" akaniuliza.

"Ya kwanza kushoto. Kama kitabu. Unaanza na mguu wa kushoto."

Kicheko kikakatika. "Mimi? Nianze kazi na mguu wa kushoto? Kwani nilikuwa naingia chooni?"

Nikakaa chini. Miaka yote ile nikimshikia mwavuli, mtu ambaye hata kwenye chumba cha giza anaingia kwa mguu wa kulia na bismillahi, mtu anayeanza kuvaa kiatu cha kulia, na sikuwahi kujiuliza anaanza kupiga na upi. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya jicho la kulia. Nililipatia kila jicho picha ya mwenzake, na ukifanya hivyo kilicho karibu kinakwenda mbali na kilicho mbali kinakuja karibu. Ua linakuwa shimo. Shimo la uhakika kabisa, kwa kipimo.

"Lakini," Mzee akasema, "ukitazama mara moja tu unajua imegeuka."

 Redio ikakoroma. Nikasema, "Mzee, nna jambo."

"La jicho?"

Nikamtazama.

"Mwanangu Maryamu, nimejua tangu siku ya kwanza. Kila mgeni namtilia kisandukuni picha moja iliyorudufiwa, ile ile huku, ile ile huku. Haina kina hata chembe. Wenzako walisema, Mzee, mbona bapa? Wewe peke yako umeniambia imetokeza. Tena sana."

"Na ukaniweka!"

"Kabla yako nilipewa watatu wenye macho yao. Kutwa wametia nyuso kisandukuni wanastarehe, kazi haifanyiki. Nikasema huyu hana cha kutazama, huyu atapiga picha."

Sijui nilie au nimpige na redio yake. Nililia kidogo, nikanywa chai yake, nikarudi mjini.

Kwa Fundi Simai nilikwenda siku ile ile. Sikumpa utaalamu. Nikamwambia: "Fundi, mimi naona jicho moja. Picha ile sikuiona, wala nyengine yoyote. Ulisema kweli, nikakushinda kwa mdomo." Nikazibandua picha mbele yake, nikazipisha, ya kulia kulia, ya kushoto kushoto. Akatazama.

"Yametoka," akasema. Kisha akanitazama, nikajua mwiba unakuja. "Kwa hivyo miaka yote hiyo ofisi ya picha za kina inaendeshwa na mpika chai?"

"Ndiyo."

"Alhamdulillahi. Angalau yuko mmoja aliyesomea."

Gogo la pili hatukuwa nalo, na Idi ilikuwa inakaribia. Fundi akaulaza mfaa kwenye benchi, akaugonga gonga, akaugeuza. Nyuma ulikuwa mtupu, na mti ulikuwa mnene wa kutosha. Akachonga upande wa pili, maua nje. Mashimo yakabaki yanatazama ndani ya nyumba, na Bi. Raya akakataza yasizibwe, kwa sababu keshapata maombi ya biskuti za Idi kutoka nyumba nne.

Tuliusimamisha asubuhi, safari hii bila ya kuita watu. Bi. Raya tulimpeleka mwisho wa mtaa, tukamwacha arudi peke yake. Alikuja akiufuata ukuta, pole pole, akapita mlango wa yule bwana wa kiti, akapita mwengine, akafika. Mkono ukapanda mpaka usawa wa kifua, ukatua juu ya ua, ukatulia.  Akavua viatu vyake palepale kizingitini akaviweka pembeni. Mwanawe alikuja baada ya Idi, akakaa wiki moja, akarudi Muskati na mfuko wa biskuti.

Lakini asubuhi ile, kabla hajaingia ndani, Bi. Raya aliniuliza: "Na wewe unalionaje, Maryamu? Limekaa vyema?"

Ningeweza kusema lolote. Nikasema, "Bi. Raya, mimi sijui. Naona jicho moja tu. Sijawahi kuliona ua limetokeza, hili wala la mlango wowote."

"Ala! Na milango yote hiyo uliyopiga?"

"Yote."

"Hata kushika hukushika?"

Sikushika. Kazini ilikuwa marufuku kugusa nakshi, jasho la mkono linaharibu mti, na mimi kwa kuficha lile kubwa nilikuwa mtiifu kwenye haya madogo. Bi. Raya akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata wangu.

"Njoo. Lifumbe na hilo lililobaki."

Nikalifumba. Akakiweka kidole changu kwenye ukingo wa jani, akakisukuma taratibu. Kikapanda. Kikafika juu, kikateremka kwenye mfereji mwembamba, kikapanda tena jani la pili, juu zaidi, na la tatu juu zaidi, mpaka kitovuni pa ua, mbali kabisa na pale nilipoanzia. Miaka yote hiyo nimekipima kitu hiki, nimekigawa kwa thelathini, nimekisifu mbele ya wageni. Machozi yalinitoka kwa macho yote mawili, hata lile bovu. Nikarudia kutoka mwanzo.

Vespa ikaja nyuma yetu, njia ni nyembamba, ikapiga honi. Sikusogea. Ikapiga tena.

"Subiri, mwanangu," Bi. Raya akamwambia. "Mwenzio anatazama."